City na Ligi Kuu England walivyoungana kufungia jalada, majaji wakagoma

KWENYE vibanda umiza vya Manzese, Mbagala hadi Nyegezi kule Mwanza, kuna ubishi mmoja usioisha. Manchester City ikicheza, lazima atokee mmoja aseme, "Hao kesi yao bado," na mwingine amjibu, "Leta ushahidi." Hapo ubishi unakwama. Mwenye ushahidi hayupo, kwa sababu sehemu kubwa ya sakata hilo imepita kwenye vyumba vilivyofungwa milango.

Ila kuna siku moja mlango ulifunguliwa kidogo. Ilikuwa Julai 20, 2021, jijini London. Siku hiyo Mahakama ya Rufaa ya England iliamua kwamba hukumu ya kesi kati ya City na Ligi Kuu England, iliyokuwa imefichwa kwa miezi minne, itoke hadharani kila mtu aisome.

Kilichowashangaza wengi ni nani alikuwa ameng'ang'ania isitoke. City haikutaka itoke, na hilo lilieleweka. Lakini Ligi Kuu nayo, ambayo ndiyo ilikuwa inaichunguza City, haikutaka. Mshtaki na mshtakiwa, waliokuwa wakivutana kwa karibu miaka mitatu, walisimama upande mmoja wakiwaomba majaji kitu kimoja: jalada libaki na kufuli lake.

Majaji wakasema hapana. Sababu walizotoa zinamhusu kila shabiki aliyewahi kuambiwa asubiri nje.

LILIKOANZIA

Novemba 2018, jarida la Ujerumani, Der Spiegel, lilianza kuchapisha habari zilizotokana na nyaraka za Football Leaks. Nyaraka hizo zilikuwa na barua pepe zilizodaiwa kuwa za ndani ya City, na madai makubwa yalihusu fedha za wadhamini: zilitoka kwa wadhamini kweli, au zilitoka mfukoni mwa mwenye timu zikavishwa koti la udhamini? City ilikana tangu siku ya kwanza na mpaka leo haijabadilisha kauli. Ilisema nyaraka zile ziliibwa na kunukuliwa vipande vipande ili kuichafua.

Mwezi uliofuata, Desemba 2018, Ligi Kuu ikaanza uchunguzi wake. Mwaka 2019 ikaiandikia City kuiomba nyaraka na taarifa. City ikagoma kuzitoa.

Hapo ndipo ngoma ilipokuwa nzito. Sheria za Ligi Kuu zinasema klabu na ligi zikigombana, ugomvi unapelekwa kwa wasuluhishi, watu wanaokaa kama majaji lakini nje ya mahakama ya kawaida. Ligi ikaenda huko kuomba City iamriwe kutoa nyaraka. City ikajibu kwa mambo mawili: kwamba wasuluhishi hao hawana mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na kwamba utaratibu wa kuwapata hauonyeshi kuwa wako huru na ligi.

Wasuluhishi wakaikatalia, na baadaye wakaiamuru itoe nyaraka. City ikakimbilia Mahakama Kuu ya London, kitengo cha biashara, na kukutana na Jaji Moulder. Machi 2021 mwanamama huyo akalitupa ombi lake.

Kwa shabiki wa kawaida, hayo yote yalitokea bila yeye kujua. City ilikuwa inacheza, inafunga, inabeba makombe. Jumamosi zilikuja na kupita. Kesi ilikuwa inatembea chini kwa chini.

KUFULI LILITOKA WAPI?

Mtu anaweza kuuliza, kesi iko Mahakama Kuu, inakuwaje isijulikane? Mahakama si mahali pa wazi?

Kwa kawaida, ndiyo. England, kama ilivyo Tanzania, kesi husikilizwa hadharani, na anayetaka kukaa kwenye benchi la nyuma anakaa. Lakini usuluhishi una mila yake. Watu wanaochagua kumaliza ugomvi kwa wasuluhishi mara nyingi wanafanya hivyo ili mambo yao yasianikwe. Kampuni mbili zikigombea mzigo wa meli hazitaki washindani wajue bei zao. Ndiyo maana hata shauri la usuluhishi linapofika mahakamani, kanuni za England zinaruhusu lisikilizwe faragha.

Kusikiliza faragha ni jambo moja, na kuificha hukumu yenyewe ni jambo lingine. Kesi za nyuma za England zilikwishaweka msimamo kwamba hata kama kikao kilikuwa cha faragha, jaji anatakiwa apime upya ikifika zamu ya hukumu: kuna siri ya kweli ndani yake, au ni aibu tu inayofichwa? Kama inaweza kutoka bila kumwaga siri ya maana, itoke.

Jaji Moulder alipima, akaona itoke. City na Ligi Kuu zikakata rufaa, zote mbili, kuuzuia uamuzi huo.

HOJA ZA WALIOTAKA GIZA

Hawakwenda mikono mitupu. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba uchunguzi ulikuwa bado unaendelea. Hukumu ikitoka, magazeti yatavamia, uvumi utapanda, na kazi ya wachunguzi itavurugika.

Hoja ya pili ilikuwa ya makubaliano. Klabu zote za ligi zimesaini sheria zinazosema mashauri ya aina hiyo ni siri. Sasa kama pande mbili zenye ugomvi zimekubaliana iwe siri, mahakama inaingilia kama nani?

Hoja hiyo ya pili ndiyo tamu zaidi, na ndiyo hatari zaidi. Inadai kwamba kesi ni mali ya waliomo ndani yake. Kwamba mtungi na maji ni vyao, na siri ya mtungi aijuaye kata.

MAJAJI WATATU WAKAGOMA

Rufaa ilisikilizwa na majaji watatu wa ngazi ya juu: Sir Geoffrey Vos, Sir Julian Flaux na Jaji Males. Walikuwa kauli moja. Rufaa ilitupwa.

Waliangalia kwanza kilichomo. Hukumu ya Jaji Moulder haikuwa na mishahara ya wachezaji, mikataba wala barua pepe za mabosi. Ilizungumzia mamlaka ya wasuluhishi na namna walivyopatikana. Siri ya maana ya kulindwa haikuwamo. Halafu, kwamba City inachunguzwa lilikuwa jambo linalojulikana, kwani Ligi Kuu yenyewe ilikwishatangaza mwaka 2019.

Kuhusu uvumi wa magazeti, majaji hawakuona hiyo kuwa sababu ya kutosha. Waandishi watauliza maswali, mashabiki watabishana, na hayo ni maisha ya soka. Uchunguzi unaoendeshwa na watu wazima wenye mawakili hauwezi kuvunjika kwa sababu kuna kichwa cha habari kwenye gazeti.

Hoja ya makubaliano nayo haikuwashawishi. Kwa mtazamo wao, pande zote mbili kutaka usiri hakumfungi jaji mikono. Kinyume chake, pale ambapo hakuna kati ya wahusika anayeomba mlango ufunguliwe, jaji ndiye anayebaki na jukumu la kumkumbuka aliye nje. Umma una haki ya kuona mahakama zake zinafanya nini, na shauri kati ya ligi kubwa na bingwa wake ni jambo linalogusa watu wengi mno kuachwa kwa wawili hao peke yao.

Jaji Males akaongeza neno lake, likawa ndilo lililobaki vichwani mwa watu. Alieleza kushangazwa kwake kwamba tangu uchunguzi uanze Desemba 2018 hatua zilizopigwa zilikuwa ndogo sana, na kwamba hilo ni jambo lenye maslahi halali kwa umma. Hakuishia hapo. Alikumbusha kuwa katika muda huo wa mwendo wa taratibu, klabu hiyo ilikuwa imetawazwa bingwa wa ligi mara mbili.

Ubingwa huo ni wa msimu wa 2018/19 na wa 2020/21. Kila shabiki anakumbuka ule wa kwanza: City pointi 98, Liverpool 97. Pointi moja.

Jaji hakusema City ina kosa. Alichosema ni kwamba saa inatembea, makombe yanagawiwa, na watu wanaolipa viingilio hawajui hata kesi imefikia wapi. Kauli hiyo isingesomwa na yeyote kama jalada lingebaki limefungwa.

KUNA SIRI ZA HALALI

Si kila anayeomba mahakama ifungie jalada ana nia mbaya. Kuna majalada ambayo ni haki kabisa yafungwe. La mtoto aliyefanyiwa ukatili. La mtu aliyeumizwa na anahofia usalama wake. Vyeti vya hospitali vya mchezaji. Hata faragha ya nyumbani ina nafasi yake.

Soka la England lina kumbukumbu yake kwenye hilo. Mwaka 2011, nyota mmoja alipata zuio la mahakama lililolizuia gazeti la The Sun kuandika habari za maisha yake binafsi. Kwenye nyaraka za kesi hakuwa na jina, aliitwa kwa herufi tatu tu, CTB. Mitandaoni watu maelfu walikuwa wanalitaja jina lake huku magazeti yakitakiwa kukaa kimya. Mei 23, 2011, mbunge John Hemming akalitaja bungeni, ambako sheria inamlinda anayezungumza: Ryan Giggs wa Manchester United.

Watu wengi walicheka. Lakini kesi ile ilikuwa ya chumbani kwa mtu, wala haikubadilisha msimamo wa ligi hata pointi moja. Unaweza kuwa shabiki kindakindaki wa United na bado ukakubali kwamba hukuwa na haki ya kujua.

Suala la City ni la aina nyingine. Linahusu kama mashindano yaliyochezwa mbele ya dunia yalikuwa ya haki. Aliyefungwa, aliyeshuka daraja, aliyekosa ubingwa kwa pointi moja, wote wamo ndani ya kesi hiyo hata kama majina yao hayapo kwenye jalada. Ndiyo maana kipimo cha majaji kiko sawa: usiangalie mkubwa gani anaomba, angalia anachotaka kuficha ni cha nani.

KINACHOSAHAULIKA: WAZI HUMLINDA HATA MTUHUMIWA

Mashabiki wa City huona kila anayedai uwazi kama adui. Wangerudi mwaka 2020 wangeona mambo tofauti.

Februari 14, 2020, UEFA iliifungia City miaka miwili kucheza mashindano ya Ulaya na kuipiga faini ya Euro milioni 30. City ikaenda CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo yenye makao yake Lausanne, Uswisi. Julai 13, adhabu ya kufungiwa ikafutwa na faini ikashushwa hadi Euro milioni 10.

Siku ile nusu ya dunia ya soka ilisema wamehonga. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Wiki mbili baadaye CAS ikachapisha hukumu nzima, kurasa 93. Aliyetaka akasoma mwenyewe: baadhi ya tuhuma zilikuwa zimepitwa na muda wa miaka mitano uliowekwa na kanuni za UEFA, nyingine hazikuthibitishwa. Akasoma pia kwamba City ilikosea kwa kutoupa ushirikiano uchunguzi wa UEFA, ndiyo maana faini haikufutwa yote. Ubishi haukwisha, lakini ulibadilika. Watu walianza kubishana juu ya kilichoandikwa.

Kurasa zile zingeweza zisionekane kabisa. Kanuni za CAS zinasema hukumu za rufaa hutolewa hadharani, isipokuwa pande zote mbili zikikubaliana zibaki siri. Kwa maneno mengine, hata Lausanne, wenye ugomvi wakishikana mikono, dunia inaweza kubaki gizani.

CAS yenyewe ilishapata somo kuhusu milango. Oktoba 2, 2018, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la watu wawili: Adrian Mutu, mshambuliaji wa Romania aliyeamriwa kuilipa Chelsea zaidi ya Euro milioni 17, na Claudia Pechstein, Mjerumani wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Wote walidai CAS haiko huru, wakashindwa. Ila Pechstein alishinda kwenye jambo moja: aliomba shauri lake lisikilizwe hadharani akanyimwa, na mahakama ikasema alinyimwa haki yake. Ona aliyekuwa akiomba mlango ufunguliwe. Ni mtuhumiwa.

Everton nao wana lao. Novemba 17, 2023 walikatwa pointi 10 kwa kuvunja kanuni za matumizi. Kikao kilikuwa cha faragha, lakini sababu ziliandikwa na kutolewa. Kwenye sababu hizo tume iliitazama klabu hiyo kama ambayo haikuwa wazi kuhusu mkopo wa uwanja wake mpya. Rufaa ilipoamuliwa Februari 26, 2024, adhabu ikashuka hadi pointi sita, na bodi ya rufaa ikasema tume ilikosea kuiona klabu hivyo. Nayo ikaandikwa hadharani. Kama yote yangebaki kabatini, jina la Everton lingesafishwa mbele ya nani?

MLANGO UKARUDI KUFUNGWA

Baada ya uamuzi wa Julai 2021, wengi walidhani sasa mambo yatakwenda mwanga mweupe. Haikuwa hivyo.

Februari 6, 2023, Ligi Kuu ilitangaza mashtaka zaidi ya 100 dhidi ya City, yakianzia msimu wa 2009/10. Ndani yake yamo ya kutotoa ushirikiano tangu Desemba 2018, yaani ule ule ugomvi wa nyaraka uliokuwa umefichwa kwenye jalada la Jaji Moulder. City ikasema imeshangazwa, na kwamba ina ushahidi usiopingika wa kuitetea.

Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 16, 2024 na vikao vikaendelea hadi Desemba mwaka huo. Vyote faragha. Hakuna mwandishi aliyeingia, hakuna shabiki aliyekaa benchi la nyuma. Sheria za ligi ndizo zinazotaka hivyo, na klabu zote zilizisaini.

Hapa ndipo ulipo mpaka wa ushindi ule wa 2021. Majaji walifungua hukumu moja, iliyofika kwao kwa sababu City yenyewe ilikwenda mahakamani. Hawakufungua chumba cha wasuluhishi. Ugomvi ukibaki ndani ya nyumba ya ligi, kufuli linabaki mkononi mwa ligi na klabu zake.

HATA HUKU KWETU

Shabiki wa Tanzania haihitaji London ili aujue uchungu wa kusubiri nje. Sakata la Feisal Salum 'Fei Toto' na Yanga liliibuka Desemba 2022, likaenda kwenye kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, likarudi kwa marejeo, na halikutulia hadi Juni 2023 alipotua Azam FC. Miezi yote hiyo watu walikesha wakibishana vijiweni. Mkataba unasemaje? Kipengele gani kimevunjwa? Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na wengi hawakuwa wameona hata ukurasa mmoja.

Mishahara ya mchezaji ni siri yake, hilo halina ubishi. Lakini sababu za uamuzi ni kitu kingine. Zikiandikwa vizuri na kutolewa, mwenye kushindwa anajua kashindwa kwa nini, mwenye kushinda hatukanwi kwamba kabebwa, na mchezaji mwingine mwenye mkataba kama huo anajua pa kukanyaga.

Kuna jambo la mwisho kwenye ile kesi ya London. Miezi minne mizima vigogo wawili wenye mawakili wa bei mbaya walipambana kuificha hukumu moja. Ilipotoka, haikuangusha mtu. Wachunguzi waliendelea na kazi yao, City iliendelea kucheza na msimu uliofuata ikabeba ubingwa tena. Yale mafuriko waliyowatishia nayo majaji hayakuja.

Kilichobadilika ni kwamba shabiki, kwa mara ya kwanza tangu 2018, alipata karatasi ya kushika mkononi. Pale kibandani, yule aliyeulizwa alete ushahidi alikuwa na kurasa chache za kuonyesha. Na yule aliyeuliza akawa na cha kusoma kabla ya kujibu.